Umbra na Vivuli Vyake: Dhidi ya Uhakiki wa Mizizi

Umezuka mtindo katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, hasa katika tasnifu na makala za wasomi chipukizi (na za baadhi ya walezi wao), wa kuifungua kila hoja kwa kulifukua kaburi la neno. Mhakiki akitaka kuzungumzia tamthilia, huanza kwa kumweleza msomaji kwamba neno hilo linatokana na Kiarabu. Akitaka kuzungumzia drama, humpeleka Ugiriki. Akitaka kuzungumzia fasihi, humpitisha Roma kwanza, akamwonyesha 'littera', yaani herufi, ndipo amruhusu kurudi Mombasa. Lau safari hii ingekuwa ya matembezi tu, isingemdhuru mtu. Kasoro ni kwamba msafiri huyu hurudi na hukumu mkononi. Neno lilikuwa na maana fulani huko lilikozaliwa. Kwa hiyo, hudai, hiyo ndiyo maana yake ya kweli, na matumizi mengine yote ni upotofu, au upungufu, au fumbo linalosubiri kufumbuliwa kwa ufunguo wa mzizi.

Makala haya yanaupinga mkabala huo kwa kulifuatilia neno moja tu, 'umbra', ambalo maana yake katika Kilatini ni kivuli. Neno hili limeteuliwa kwa sababu uzao wake katika lugha za Ulaya ni mkubwa mno, na sehemu ya uzao huo imo katika Kiingereza ambacho wanafunzi wa vyuo vya Kenya hukisoma sambamba na Kiswahili. Aidha, kivuli ni miongoni mwa taswira zinazopendwa sana na wahakiki, na kila anayeigusa taswira hiyo hukaribia kushawishika kulitaja neno la Kilatini kana kwamba ni shahidi aliyekwisha kuapishwa. Hapana budi shahidi huyo asimamishwe kizimbani, aulizwe.

Mhakiki wa mizizi angependa 'umbra' liwe na maana moja safi huko Roma, kisha lichafuke kadiri lilivyosafiri. Hali halisi ni kinyume. Huko huko Roma, vinywani mwa Warumi wenyewe, neno hili halikutulia. Mathalan, achukuliwe Virgil, mshairi aliyefariki mwaka wa 19 K.K. Katika utungo wa kwanza wa mkusanyo wake wa mashairi ya wachungaji, Tityrus amejilaza kivulini mwa mti akipuliza filimbi, ilhali mwenzake, Meliboeus, amenyang'anywa shamba na anaondoka kwenda uhamishoni. Hapo mwanzoni 'umbra' ni raha, ni usalama, ni faragha ya msanii. Utungo unapomalizika, jua linatua, na vivuli vya milima vinarefuka juu ya mtu asiye na pa kulala isipokuwa kwa hisani ya usiku mmoja. Neno la mwisho kabisa la utungo huo ni hilo hilo. Neno halikubadilika mzizi baina ya mwanzo na mwisho wa shairi. Kilichobadilika ni nani anayekitazama kivuli, na saa ngapi. Katika utungo wa kumi, unaoufunga mkusanyo huo, Virgil anaonya kwamba kivuli huwadhuru waimbaji, na kwamba mimea nayo huumia kwacho. Ama katika utenzi wake mkuu, Aeneid, wenye vitabu 12, neno la mwisho ni 'umbra' katika hali ya wingi, na safari hii halihusiani na miti wala milima: ni makao ya wafu, ambako roho ya Turnus inashuka ikinung'unika.

Raha, machweo, madhara, mauti. Mshairi ni mmoja, neno ni moja. Mhakiki wa mizizi atajibu kwamba kivuli cha mti ndicho cha asili na vingine vyote ni matawi. Na akubaliwe. Lakini kukubaliwa huko kunamfaa nini msomaji wa mstari wa mwisho wa Aeneid? Akiambiwa kwamba Turnus "kwa asili" anakwenda chini ya mti, atakuwa amefafanuliwa jambo au atakuwa amepotoshwa?

Warumi hawakuishia hapo. Katika karamu zao, mgeni mashuhuri aliyealikwa aliweza kuja na watu wake ambao mwenye nyumba hakuwaalika, na watu hao waliitwa vivuli. Horace, katika tashtiti inayosimulia karamu ya tajiri mmoja aitwaye Nasidienus, anawataja wawili walioletwa na Maecenas kwa jina hilo la 'umbra', na katika waraka wake kwa Torquatus anamhakikishia kwamba nafasi ya vivuli kadhaa ipo. Plutarch, Mgiriki aliyeishi chini ya dola ya Warumi, alitenga mjadala mzima kuhusu adabu ya jambo hili: je, yafaa kwenda karamuni kama kivuli cha mtu? Msomaji wa Kiswahili atafikiri mara moja juu ya doezi, lakini hawa si ndugu. Doezi huja kwa harufu ya chungu. Kivuli cha Kirumi huja kwa ukubwa wa aliyemleta, na mwenye nyumba hathubutu kumfukuza kwa kuwa kumfukuza ni kumfukuza Maecenas. Hapa ndani ya neno moja mna uhusiano mzima wa kitabaka, wa mlezi na walelewa wake, ambao hauwezi kuchimbuliwa kutoka katika mzizi wowote. Unapatikana kwa kuijua jamii iliyolitumia neno.

Kadhalika kulikuwa na kivuli cha shuleni. Cicero aliwataka wasemaji wayatoe mazoezi yao kivulini, nyumbani, na kuyapeleka uwanjani penye vumbi na kelele. Petronius, katika riwaya yake ya kejeli ya karne ya kwanza, alimweka mhusika anayelalamika kwamba washairi wakubwa wa kale waliishi kabla ya mwalimu wa kivulini kuja kuangamiza vipawa. Pengine wahadhiri wa fasihi wangenufaika kwa kuitafakari sifa hiyo, kwa kuwa uhakiki wa mizizi ni kazi ya kivulini kuliko zote: haumdai mtu chochote zaidi ya kamusi moja na kiti.

Ajabu ni kwamba Warumi wenyewe waliujua ugonjwa huu na waliucheka. Quintilian, mwalimu wa balagha wa karne hiyo hiyo ya kwanza, alipozungumzia watu wanaotafuta asili za maneno bila kiasi, alitoa mfano wa 'lucus', neno la Kilatini lenye maana ya kichaka kitakatifu. Walikuwako waliodai kwamba neno hilo linatokana na kung'aa kwa sababu kichaka, kwa wingi wa kivuli chake, haking'ai. Yaani neno limepata jina kutokana na kile lisichokuwa nacho! Katika kukieleza kichekesho hicho Quintilian alilitumia neno 'umbra', hata ikawa kivuli chenyewe kilihudhuria wakati uhakiki wa mizizi ulipochekwa karibu miaka 1900 iliyopita. Tangu hapo mfano wa 'lucus' umekuwa methali miongoni mwa wasomi wa Ulaya kila wanapotaka kumtania mtu anayevuta asili ya neno kwa nguvu.

Kwa upande mwingine, Pliny, aliyefariki mwaka wa 79 Vesuvius ulipolipuka, alipokea bila taabu maelezo kwamba Waumbri, watu wa kale wa Italia, waliitwa hivyo na Wagiriki kwa kuwa walinusurika mvua za gharika, maadamu 'ombros' katika Kigiriki ni mvua. Ufanano wa sauti ulitosha. Mtu wa Limuru anayefungua mwavuli wake mwezi wa Aprili angeweza kufarijika akiambiwa kwamba 'umbrella' ya Kiingereza inatokana na mvua hiyo ya Kigiriki, na faraja yake ingekuwa ya uongo. Na mhakiki wa Kiswahili asimcheke Pliny upesi. Akiachiwa kamusi na mchana mmoja usio na vipindi, atadai kwamba vuli, zile mvua za mwisho wa mwaka, ni kivuli cha mawingu, na kwamba mvulana ni kijana aliyekaa mvulini akiwaacha dada zake juani. Mambo haya hupendeza. Wasiwasi huanza yanapotiwa katika sura ya pili ya tasnifu chini ya anwani "Misingi ya Nadharia".

Rangi ya udongo inayoitwa 'umber' katika Kiingereza ni funzo jingine. Wengine huirejesha kwenye kivuli, kwa kuwa wachoraji waliitumia kutia giza. Wengine huirejesha kwenye jimbo la Umbria. Mchoraji aliyeitumia hakuhitaji hukumu ya kesi hiyo ili picha yake itie giza panapotakiwa. Tena, ukichimba zaidi, ukauliza 'umbra' lenyewe lilitoka wapi kabla ya Kilatini, wanaisimu hawakubaliani. Mzizi uliotarajiwa kuwa mwamba wa mwisho una mzizi chini yake, na huo nao umefukiwa. Mhakiki anayedai kwamba maana ya kweli iko mwanzoni hana budi aseme ni mwanzo upi, kwa sababu kila mwanzo anaoutaja una jana yake.

Uzao wa neno hili katika lugha nyingine unaikazia hoja hiyo. Kifaransa kilirithi 'ombre', kikazaa 'ombrage', na sifa 'ombrageux' ikatumiwa kwa farasi mwoga anayeshtuka akiona kivuli. Plutarch anasimulia kwamba Bucephalus, farasi aliyewashinda wengi, alikuwa na ugonjwa huo, na kwamba Aleksanda alimtuliza kwa kumgeuza akabiliane na jua ili asikione kivuli chake. Kutoka kwa farasi, sifa hiyo ilipanda juu hadi kwa mpandaji: mtu mwenye shaka, mtu anayeona kivuli cha dharau mahali ambapo hakuna aliyemdharau. Kiingereza kilichukua 'umbrage' likiwa na maana ya kivuli kitupu, na katika karne ya 17 likaanza kubeba shaka, kisha kinyongo. Leo Mwingereza akilitumia neno hilo karibu kila mara huzungumzia mtu aliyeudhika. Lakini katika Hamlet, mwana wa mfalme anapomkejeli Osric kwa lugha ya mapambo kuhusu Laertes, anasema kwa neno hilo kwamba anayejaribu kumfuata Laertes ni kivuli chake tu. Maneno hayo yamo katika chapa ya 1604 na hayamo katika chapa kubwa ya 1623. Mwanafunzi anayeingiza maana ya leo hapo atamwona Laertes akiudhika bila sababu. Hii ndiyo hoja pekee ambayo mhakiki wa mizizi anaweza kujivunia: kwamba historia ya neno humwokoa msomaji na kosa. Hata hivyo itazamwe kwa makini. Kinachomwokoa msomaji wa Hamlet si Kilatini. Ni matumizi ya London katika miaka ya Shakespeare. Akiruka kutoka leo hadi Roma bila kusimama London atakuwa amepata jibu sahihi kwa bahati.

Iko hali ambapo mzizi hudai haki yake, nayo isifichwe. Milton alisoma Kilatini tangu utotoni na akatunga mashairi kwacho. Anapolitumia neno la ukoo huu kuyaeleza mapango ya Edeni katika Paradise Lost ya mwaka 1667, kivuli cha kale kiko hai ndani yake kwa sababu Milton alikipulizia roho. Vivyo hivyo mshairi wa Lamu au Mombasa aliyesoma madrasa anaweza kulitumia neno la asili ya Kiarabu akiwa ameishikilia maana ya Kiarabu kwa mkono mmoja na ya Kiswahili kwa mkono mwingine. Katika hali hizo mzizi umo ndani ya shairi, si nyuma yake, na mhakiki ana wajibu wa kuonyesha ni wapi mtunzi ameushika. Asipoweza kuonyesha, basi ameuingiza yeye.

Sasa turubai la mambo haya lifikishwe pwani. Waitaliano walitoa katika 'ombra' neno 'ombrello', yaani kijivuli. Msafiri Mwingereza Thomas Coryat aliviona vifaa hivyo Italia, na katika kitabu chake cha 1611 akaona haja ya kuwaeleza wasomaji wake kwamba ni vitu vya kuleta kivuli dhidi ya jua kali. Huko Uingereza kifaa kikageuzwa kazi, kikawa cha kukinga mvua, na hata katikati ya karne ya 18 Jonas Hanway alidhihakiwa mitaani London kwa kuwa mwanamume anayekibeba. Wafaransa waliona neno halilingani na kazi, wakabuni 'parapluie', kizuizi cha mvua, wakamwachia 'ombrelle' mwanamke anayekinga jua. Waingereza hawakujali, hadi leo wananyeshewa chini ya kijivuli, na hakuna anayechanganyikiwa.

Ikumbukwe kwamba shajara ya safari ya kwanza ya Vasco da Gama inasimulia jinsi mfalme wa Malindi, mwezi wa Aprili 1498, alivyotokea amekaa chini ya mwavuli wa duara wa atlasi nyekundu uliofungwa kwenye mti. Yaani zaidi ya miaka 100 kabla ya Coryat kuwafafanulia Waingereza ajabu hiyo, mtawala wa mji wa Waswahili alikuwa amekwisha kukaa chini yake mbele ya wageni. Na neno mwavuli ni ndugu wa kivuli, mvuli na uvuli. Kiswahili kilifanya kile kile kilichofanywa na Kitaliano: kilikitazama kifaa kikakipa jina kutokana na kivuli. Hakikuazima. Wareno walipokaa pwani hii hadi Ngome ya Yesu ilipoanguka mwaka 1698, waliacha meza, leso, gereza na bendera. 'Sombra' yao, ambayo ni kivuli, waliondoka nayo, kwa sababu hapakuwa na pengo la kuijaza.

Ukweli huu ungepaswa kumfedhehesha kidogo mhakiki anayeanzia Roma kila anapotaka kusema juu ya kivuli. Wahenga walisema kivuli cha mvumo huwafunika walio mbali: mti ni mrefu mno hata anayekaa shinani anaungua na jua. Huo ndio uhakiki wa mizizi ya Ulaya katika fasihi ya Kiswahili. Unakwenda kukifunika Kilatini, na matini iliyo mbele yake inabaki juani bila kusomwa. Lakini tahadhari ni muhimu hapa, kwani wako watakaofurahi wakidhani dawa ni kuuacha mzizi wa Kilatini na kuukumbatia wa Kibantu. La hasha. Mzizi wa nyumbani nao ukipewa ufalme hutawala kwa udhalimu ule ule. Katika ofisi za Tanzania mtu huambiwa alete nakala kivuli ya cheti chake, yaani nakala ya mashine. Bungeni kuna waziri kivuli, ambaye jina lake limefinyangwa kutokana na Kiingereza, na neno la Kiingereza linalohusika, 'shadow', halina undugu na 'umbra' hata kidogo. Hakuna mzizi wowote, uwe wa Roma au wa Kibantu, utakaomwambia msikilizaji kwamba waziri kivuli ni wa upinzani. Hulijua hilo kwa kuujua utaratibu wa bunge. Ama jua au mwezi unapofunikwa, ambapo mwanafalaki wa Ulaya hunena kwa 'umbra' na kwa 'penumbra' (neno ambalo Kepler alilibuni mwaka 1604 kutokana na "karibu" na "kivuli"), Mswahili hakitaji kivuli kabisa: husema jua limepatwa, mwezi umepatwa. Huko Marekani, mwaka 1965, Jaji William O. Douglas wa Mahakama Kuu alilichukua neno hilo la Kepler na kulitumia kueleza haki ya faragha, ambayo haikuandikwa popote katika katiba yao ila, kwa maoni yake, imo katika ukingo wa haki zilizoandikwa. Wapinzani wake hawajaacha kulicheka neno hilo hadi leo. Bado hakuna mwanasheria aliyewahi kuimaliza kesi hiyo kwa kumrejelea Kepler.

Huenda msomaji akauliza: yote haya yana uzito gani? Wacha wachimbaji wachimbe. Uzito upo, na uko katika neno linaloandikwa mlangoni mwa idara zenyewe. Hoja iliyotumiwa kwa nguvu zaidi kuinyima sanaa ya mdomo hadhi ya fasihi ilikuwa hoja ya mzizi. 'Literature', ikasemwa, inatokana na 'littera', herufi. Kwa hiyo fasihi isiyoandikwa ni mgongano wa maneno. Walter Ong, ambaye hakuwa adui wa usimulizi bali mtaalamu wake, aliirudia hoja hiyo katika kitabu chake cha 1982 na kuishutumu vikali istilahi inayounganisha mdomo na fasihi. Pio Zirimu wa Uganda alikuwa tayari amebuni neno jipya la Kiingereza ili kuukwepa mtego huo, na ubunifu wake ni wa kuheshimiwa. Lakini anayekwepa mtego amekiri kwamba mtego unanasa. Waraka wa 1968 wa Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, uliotaka Idara ya Kiingereza ya Nairobi ivunjwe na masimulizi ya Kiafrika yapewe nafasi ya mbele, haukusubiri ruhusa ya 'littera'. Ungeisubiri, wanafunzi wangekuwa bado wanahesabu herufi.

Wapo wanaolijibu hilo kwa kusema kwamba Kiswahili hakina tatizo, maana fasihi inatokana na ufasaha, na ufasaha ni wa ulimi. Basi fasihi simulizi ndiyo fasihi halisi. Jibu hilo linapendeza na halifai. Aliyeshinda kesi kwa ushahidi wa uongo hajashinda. Kama mzizi ungekuwa hakimu, ingefaa pia kukumbuka kwamba Waarabu wenyewe huiita fasihi 'adab', neno ambalo lilipovuka bahari likawa adabu, na hivyo somo linalopaswa kufundishwa katika idara za fasihi ni jinsi ya kuwaamkia wazee. Fasihi simulizi ni fasihi kwa sababu jamii zinaitunga, zinaihukumu, zinaitofautisha iliyo nzuri na iliyo mbovu, na zinaihifadhi. Kiarabu hakiombwi kuithibitisha.

Mgogoro wa ushairi nao umeathirika. Anayewatetea watunzi wa mashairi huru, kuanzia Kichomi ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1974, kwa kusema kwamba shairi ni hisia kwa kuwa mzizi wake wa Kiarabu ni kuhisi, amempa mpinzani wake upanga. Mpinzani ataifungua historia ya uhakiki wa Kiarabu hadi karne ya 10, atamkuta Qudama bin Jaafar akilifafanua neno lilo hilo kuwa ni maneno yenye mizani na vina na maana, na atawarudisha watetezi wa Amri Abedi uwanjani wakishangilia. Mzizi ni mmoja, hukumu ni mbili. Shairi huru linasimama au linaanguka kwa yale linayoyafanya na sauti, na kimya, na mpangilio wa mistari. Na yeyote anayetaka kulitetea ana kazi ya kulisoma.

Kazi hiyo ndiyo inayokwepwa. Mwanafunzi anapopewa Kivuli Kinaishi, tamthilia ya Said Ahmed Mohamed iliyochapishwa mwaka 1990, akaanza na kurasa tatu za 'umbra', mizimu ya Virgil na farasi wa Aleksanda, huwa ameonyesha bidii, na wasahihishaji wengi humpa alama za bidii hiyo. Lakini yuko Giningi, nchi ya wachawi katika masimulizi ya Visiwani, chini ya utawala wa Bi Kirembwe, na bado hajafungua macho. Kivuli cha nani? Kinaishi baada ya nini kufa? Nani anayekikimbilia kwa usalama na nani anayekiogopa, na je, ni mtu yule yule katika maonyesho mawili tofauti? Kitenzi kilichomo katika anwani hiyo kina uzito kuliko nomino, na hakuna kamusi ya Kilatini iliyo na kitenzi hicho. Maswali haya yanajibika kwa kitabu kilichofunguliwa mezani, na mtahini anayeyatunga angewatendea haki wanafunzi wake kama angewaeleza, kabla hawajashika kalamu, kwamba kurasa tatu za kwanza hazitasomwa.